Mlango wa Kimanzi

— Elfu sita mia nne, na hakuna hata shilingi moja itaingia kwa kapu la sadaka!

Muasya aliyasema hayo akiwa amezikalia pesa zenyewe. Si kwa mfano. Alikuwa amezikunja akazitia mfuko wa nyuma wa suruali, akajibwaga juu yake, na aliyezitaka ilimbidi kwanza amwinue mtu wa kilo tisini. Kijiwe chao ni ubao mmoja mrefu wa jukwaa uliolazwa juu ya mawe mawili, kando ya jiko la Mahmud muuza kahawa, mkabala na ile hoteli inayojengwa karibu na steji ya Voi, ghorofa juu ya ghorofa. Hapo mafundi hutua jioni wakishanawa simiti, kila mmoja na kikombe chake kidogo cha kahawa chungu, kashata mkononi, na maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Muasya ni mwashi mkongwe. Kijiweni humwita Pimamaji, kwa sababu hawezi kuvumilia kitu kilichopinda, kiwe ukuta, kiwe neno. Kushoto kwake alikaa Alexander, fundi wa mabomba, aitwaye Shemasi, ingawa kanisa lake halijawahi kumpa cheo hicho. Kulia alikaa Katuku, fundi wa chuma, kijana kuliko wote, jina lake Gugo, maana hakuna jambo asilolitafuta kwenye simu na kulielewa nusu. Mahmud mwenyewe alisimama na dele yake, birika la shaba la kahawa. Na mwisho wa ubao palikuwa na nafasi tupu, wiki ya tatu sasa, hakuna aliyethubutu kuikalia. Ilikuwa ya Kimanzi.

Pesa zilikuwa za Kimanzi pia. Walizichanga wao, ili Kimanzi atibiwe.

— Mimi sijasema kapu, Alexander akajitetea. Nimesema mkesha. Mchungaji anakuja na watu wake wa maombi, wale watu lazima wanywe chai. Chai si sadaka.

— Chai ya elfu sita?

— Na mkate. Mzee, wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Kimanzi alikuwa ghorofa ya tatu! Muasya akafoka. Mvungu gani? Wewe methali zako unazichomeka kama bomba ambalo halina valvu, maji yanamwagika kila mahali.

Mahmud akacheka mpaka dele ikatikisika. Lakini kicheko hakikuenda mbali, kwa sababu wote waliinua macho bila kupatana, wakaitazama ile ghorofa ya tatu.

Ndeti, mwashi mwenzao, alianguka kutoka pale. Kimanzi alikuwa kando yake, wanapanga mawe pamoja kama walivyopanga miaka kumi na zaidi, na ubao ulipoteleza Kimanzi alimwahi. Alimshika mkono, na alimshika sawasawa. Shida ni kwamba zile glavu za kontrakta zililetwa za saizi moja, kubwa, mikono yote arobaini ya site ikatiwa humo kama karanga kwenye gunia. Ndeti akatoka ndani ya glavu jinsi muhogo unavyotoka kwenye ganda lake. Kimanzi akabaki ameishika. Walipomfikia alikuwa bado ameishika, na ilibidi Muasya amfungue vidole, kimoja baada ya kingine.

Kimanzi alikuja mazishini. Akachimba kaburi kuliko mtu yeyote. Jumatatu hakuja kazini, wala Jumatatu ya pili, wala hii.

— Nasema hivi, Muasya akaendelea. Yule dada wa ushauri anakaa hospitali kila Jumatano. Tunamchukua Kimanzi, tunampeleka, anakaa naye, wanaongea. Dawa ikitakikana, tunanunua. Mambo wazi, barabara moja.

— Dada gani? Katuku akauliza. Si yule aliletwa na kontrakta?

— Huyo huyo.

— Aah, Mzee! Yule si alituharibia siku?

Na hapo Muasya aliitikia kwa kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli, na yeye hupenda kweli hata ikimpiga mgongoni. Baada ya ajali kontrakta alimleta binti mmoja aliyevaa kizibao cha kung'aa, akawapanga mafundi wote uwanjani, nyapara amesimama pembeni na mikono kiunoni, na yule binti akauliza kwa sauti nzuri: “Nani hapa ana msongo wa mawazo? Ainue mkono tafadhali.”

— Mkono! Katuku akasema. Mbele ya nyapara! Buda, ukiinua mkono leo, kesho unaambiwa kichwa yako haiko sawa, usipande juu, enda ukachunge geti. Na geti ni nusu mshahara.

— Mimi niliinua, Alexander akasema.

— Uliinua kuuliza kama soda zimefika.

— Na zilikuwa zimefika.

— Msimlaumu binti, Mahmud akaingilia, huku akimjazia Muasya kikombe. Hakuipanga yeye ile shughuli. Alipomaliza alikuja hapa, akakaa pale pale mlipo, akanywa viwili. Akaniuliza, “Baba, mbona hawasemi?” Nikamwambia, mwanangu, ng'ombe hakamuliwi mnadani. Akacheka, akasema basi yeye yupo hospitalini Jumatano, mlango wa nyuma, mtu huingia asionekane. Binti ana adabu yule.

— Mmesikia? Muasya akasema. Mlango wa nyuma. Kwisha.

— Haijaisha, Katuku akasema, na akatoa simu. Kwa sababu ugonjwa wenyewe hamuujui. Mimi nimesoma. Hii kitu ni simiti.

— Simiti?

— Simiti, Mzee. Vumbi yake inaingia puani, sivyo? Inapanda. Inakaa kwa kichwa, kavu, haina shida. Unaweza ukakaa nayo miaka ishirini. Sasa siku ile mtu analia, machozi ni nini? Ni maji. Maji inakutana na simiti. Inaganda! Ndio maana wazee wa mjengo hawalii. Wanajua.

Alexander alijishika pua taratibu.

— Umesoma wapi hiyo? Muasya akauliza.

— Kwa simu.

— Na kwa simu, nani aliandika?

— Mzee, kwa simu hakuna nani.

— Hiyo ni nusu ya ukweli, Alexander akasema, akijiweka sawa ubaoni kama mtu anayepanda mimbari. Nusu nyingine ni urefu. Ghorofa ya chini ni ya binadamu. Ya pili, Mungu anavumilia. Lakini ukifika ya tatu umeingia anga, na anga ina wenyewe. Wakuu wa anga. Unadhani wanapenda mtu awagongee nyundo kutoka asubuhi? Wanakutumia uzito. Kimanzi ametumiwa uzito.

— Na watu wa Nairobi wanaoishi ghorofa ya kumi?

— Uliwahi kuwaona wako sawa?

Hata Muasya alicheka, ingawa alikigeuza kicheko kuwa kikohozi.

— Mkimaliza mniambie, Mahmud akasema. Nyinyi wageni wa juzi. Marehemu babu yangu alipouza kahawa hapa, pale penye hoteli yenu palikuwa njia ya ndovu. Walikuwa wakishuka usiku kutafuta maji. Sasa ndovu hasahau njia yake, wala ndovu hasahau maiti wake. Husimama pale, wote, kimya, siku nzima. Huzuni ya ndovu ni kubwa kama ndovu mwenyewe. Basi mnapochimba msingi kwenye njia ile mnaiamsha huzuni iliyolala, nayo inatafuta pa kuingia. Binadamu ana kifua kidogo. Itatosha wapi?

Ilikuwa nadharia ya kipumbavu kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo Muasya hakuikosoa.

— Kwa hivyo dawa yake ni nini? Katuku akauliza. Tukanunulie ndovu nyasi ya elfu sita?

— Dawa siijui. Mimi ni muuza kahawa.

Muasya aliweka kikombe chini. Alikuwa na nadharia yake mwenyewe, ya siku nyingi, na alikuwa ameizuia kwa sababu haikuwa na mzaha ndani yake.

— Ni winchi, akasema.

— Winchi imefanya nini?

— Winchi na mashine ya kuchanganya zege. Wewe Gugo ulipokuja kazi ulizikuta, huwezi kujua. Slabu, ile sakafu ya zege, ikimwagwa siku hizi, mashine inazunguka, winchi inapandisha, mafundi wako juu, kila mtu ameziba masikio kwa waya za simu. Jioni slabu imeisha, na hakuna mtu amesikia sauti ya mwenzake. Uliza Shemasi vile ilikuwa Kishushe.

Alexander alitabasamu, akayatazama makaa.

Kishushe! Walijenga madarasa manne huko, zamani kidogo, na barabara ilikuwa mbaya, magari ni ya kubahatisha, kwa hivyo aliyeingia Kishushe aliingia mpaka kazi iishe. Walilala stoo, juu ya mifuko ya simiti, watu ishirini, wamepangwa kama mbao. Mama Kasyoka aliwapikia muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani. Kulikuwa na upepo, vumbi jekundu, na usiku wa baridi ambao ulimfanya mtu ashukuru mgongo wa mwenzake.

— Na slabu? Katuku akauliza. Alikuwa ameshaiweka simu chini.

— Tulisimama msururu, Muasya akasema. Kutoka kwenye zege mpaka juu, mtu kwa mtu. Karai linapita mkono kwa mkono. Na karai haliendi bila wimbo, kijana. Likienda bila wimbo linakuvunja kiuno kabla ya saa nne.

— Na yeye ndiye alikuwa mwimbishaji, Alexander akasema. Huyu unayemwona na hasira zake. Sauti ilikuwa inafika mpaka mlimani inarudi.

— Mliimba nini?

— Shida za watu.

— Ati shida?

— Shida. Saa ya chai, mtu mwenye jambo anakuja kando, ananiambia. Hakuambii wewe, hamwambii nyapara, anamwambia mwimbishaji. Mimi naliingiza kwa wimbo, silitaji jina. Nasema, “Nyumbani kumevuja!” Wanajibu, “Pandisha!” “Mtoto karudishwa kwa karo!” “Pandisha!” “Na mama hasemi nami!” “Pandisha, pandisha!” Watu wanacheka, wanakisia ni nani, mwenyewe pia anacheka, anajibu kwa nguvu kuliko wote. Jambo lake limepita mikononi mwa watu ishirini pamoja na karai. Likifika juu ni jepesi.

— Mwaka ule binti yangu alizaliwa na homa, Alexander akasema polepole, na safari hii hakutafuta methali. Nilimwambia Muasya. Akaimba, “Kuna baba hapa hajala!” Jioni nikakuta zamu yangu ya kulinda stoo imechukuliwa. Sikumwomba mtu. Nikaenda kulala, nikaamka saa nane, nikachungulia nje, namkuta Kimanzi amekaa kwenye ndoo, blanketi kichwani, anawaambia fisi hadithi.

— Na mwenyewe alikuwa akiota! Muasya akasema, na uso wake wote ukafunguka. Umesahau? Kila usiku anaota yuko sokoni anauza mbuzi. Na bei inashuka! Unamsikia gizani, “Elfu nne... basi tatu na nusu... mzee, tatu basi...” Sisi stoo nzima tunamwitikia, “Usiuze, Kimanzi! Usiuze!”

— Na anasikia!

— Anasikia usingizini! Anasema, “Haya, siuzi,” anageuka upande.

Wakacheka wote wanne, Mahmud akijipangusa macho kwa ncha ya kikoi, na Katuku akicheka kwa wivu, kama mtu anayechungulia harusi asiyoalikwa. Kicheko kilipokwisha kilikwisha taratibu, kikaacha mahali pake joto. Muasya aliuangalia mkono wake wa kulia. Tangu Ndeti aanguke, akiweka pimamaji ukutani, lile povu dogo ndani ya kioo halitulii. Ukuta umesimama vizuri. Ni mkono. Hakumwambia mtu, kwa sababu angemwambia nani, na saa ya chai siku hizi kila mtu ana simu yake.

— Kwa hivyo tumekubaliana, akasema kwa sauti ya ugomvi, apate kujificha ndani yake. Jumatano. Mlango wa nyuma.

— Mimi nimekubali, Katuku akasema. Lakini wamwangalie simiti.

— Na mchungaji aje mwishoni tu, Alexander akasema. Kwa maombi mafupi. Bila mkate.

— Bila chai.

— Chai ya rangi.

— Hodi hapo, ikasema sauti ya mwanamke.

Alikuwa amesimama nyuma ya jiko, leso kiunoni, mkoba begani, miguu yake ina vumbi la mtu aliyeshuka lori na kutembea. Alikuwa na umri wa kati, uso mkavu usiotaka kubembelezwa.

— Karibu mama, Mahmud akasema. Kahawa? Ama nikutilie tangawizi?

— Asante, baba. Sijaja kunywa. Nimeelekezwa hapa pale getini. Nimeambiwa hawa ndio marafiki wa Kimanzi.

— Ndio sisi, Alexander akasema, akavuta shati likae sawa.

— Wenyewe kabisa, Katuku akaongeza.

— Mimi ni Wanza. Mke wake. Nimetoka Miasenyi.

Muasya akainuka kwa heshima, kisha akakumbuka pesa alizokalia, akaushika mfuko wa nyuma. Wanza! Jina hilo walilisikia Kishushe usiku mwingi, Kimanzi akilitaja ndotoni kati ya mbuzi na mbuzi. Walimfanyia nafasi. Alitazama mwisho wa ubao, pale patupu, hakukaa.

— Simu yake imezimika tangu Jumapili, Wanza akasema. Kabla ya hapo alikuwa ananiambia kazi ni nyingi, wanamwaga slabu mchana na usiku, ndio maana haji nyumbani. Pale getini nimeambiwa hajaonekana wiki tatu. Ni kweli?

Alexander alimtazama Katuku. Katuku alimtazama Muasya. Muasya ndiye mwenye sifa ya kusema wazi, kwa hivyo ilibidi aseme.

— Ni kweli, shemeji.

Akamweleza. Alimweleza kuhusu Ndeti, ambaye Wanza alikuwa amesikia kifo chake lakini hakuambiwa nani alikuwa kando yake. Alimweleza kuhusu glavu, na alipofika kwenye vidole alisimama, akaruka, akaendelea mbele. Wanza alisikiliza bila kusogea. Mkono wake mmoja tu ulishika ukingo wa jiko la Mahmud, na jiko lilikuwa la moto, na hakuutoa upesi.

— Lakini tumepanga, Katuku akasema haraka. Usiwe na wasi, shemeji. Tumechanga. Jumatano tunampeleka kwa dada mmoja hospitali, mtu mzuri, anaongea na yeye taratibu, hakuna mtu anaona. Si hivyo, Mzee?

— Hivyo.

— Na maombi, Alexander akasema.

— Vizuri, Wanza akasema. Mungu awabariki. Sasa nionyesheni anapoishi, niende.

Alisubiri.

Muasya alifungua mdomo. Alikuwa na hakika jibu limo, kama mtu anavyokuwa na hakika ufunguo uko mfukoni. Alijua Kimanzi hali nyama ya mbuzi kwa kuwa humhurumia. Alijua anavyoshika mwiko, kidole gumba kikiwa juu. Alijua ndoto zake. Akautafuta mlango wake, rangi yake, mtaa wake, akaona tu mgongo wa Kimanzi jioni baada ya jioni, kashata mdomoni, akipanda bodaboda bila kugeuka, mkono mmoja juu: kesho, wazee. Tangu waache kulala pamoja, kila mtu alikodi chumba chake, na vyumba havina habari ya vyumba.

— Ni mtaa wa Birikani, Alexander akasema. Nadhani. Huwa anaelekea kule.

— Si Mwakingali? Katuku akasema. Siku moja nilimwona na mkate, anashuka kama wa Mwakingali.

— Alipata kuniambia anakaa mtaa wa Sofia, Mahmud akasema kwa sauti ndogo. Lakini ni mwaka juzi. Huenda alihama.

— Nyumba gani, Sofia?

Mahmud alitikisa kichwa.

— Mwenye nyumba anaitwa nani? Jirani je? Kuna mtu mmoja hapa amewahi kuingia ndani kwake, akakaa, akapewa maji?

Lori lilipita barabarani, likanguruma, likaisha. Makaa yalipasuka jikoni. Mahmud aliinamisha dele juu ya kikombe kisichokuwa na mtu, ikatoa matone mawili na mashapo yake.

— Nimewasikia tangu nikiwa pale kwa muuza miwa, Wanza akasema. Mnabishana vizuri. Kila mmoja anajua mahali pa kumpeleka. Mtamtoa wapi?

Muasya alizitoa zile pesa mfukoni. Zilikuwa zimepinda na zina joto la kukaliwa. Alizinyoosha kwa kidole, akazishika kwa mikono yote miwili kama mtu anayetoa pole, na mikono ikatetemeka mbele ya watu, asijali.

— Shemeji, shika hizi kwanza.

Wanza hakuzitazama.

— Sikufuata pesa. Huyu mtu alitoka kwangu mzima, akaja kufanya kazi na nyinyi, mkamwita rafiki. Giza bado halijaingia. Inukeni. Nataka mume wangu.